Msitu Unaopitika

Kila baiskeli inapoomba nafasi katika msitu wa hifadhi, huzuka swali ambalo wengi hulijibu haraka mno: mahali palipotengwa kwa ajili ya miti, ndege na wanyama, gurudumu linatafuta nini? Wapo wanaosema halina haki hata kidogo, kwa kuwa hifadhi ni hifadhi. Wapo wanaosema msitu ni mali ya umma, na kumzuia mwendesha baiskeli ni kumbagua bure. Majibu yote mawili yanaanzia kwa mtu na chombo chake, na yote mawili yanaisahau njia. Hoja yangu ni kwamba njia ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Njia ya baiskeli yenye ugumu wa wastani, iliyochorwa na watu wanaoujua udongo wa mahali hapo na kulindwa kwa sheria zinazofuatwa, si usumbufu ambao msitu unauvumilia ili watu wafurahi. Ni sehemu ya ulinzi wa msitu wenyewe. Nasema hivyo nikiufikiria msitu mmoja, Karura wa Nairobi, kwa sababu historia yake inaonyesha wazi yanayoupata msitu uliokimbiwa na watu, na yanayoupata msitu huohuo watu wanaporudi kwa utaratibu.

Karura ulitangazwa kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932. Una zaidi ya hekta 1,000, umepakana na Muthaiga, Gigiri na Runda, na barabara ya Limuru inaukata. Ardhi kama hiyo katika jiji linalokua haikosi wenye kuitamani, na katika miaka ya 1990 sehemu zake ziligawiwa kimyakimya kwa wajenzi binafsi. Mwaka 1998 mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake wa shirika la Green Belt Movement waliingia kupanda miche pale ambapo miti ilikuwa imeangushwa kupisha nyumba. Tarehe 8 Januari 1999 walishambuliwa langoni, Maathai akajeruhiwa kichwani, na habari ikaenea duniani kote. Ujenzi haukuendelea, msitu ukabaki. Hata hivyo, ushindi ule haukuwarudisha watu msituni. Kwa miaka kadhaa baadaye Karura uliendelea kuogopwa kama maficho ya majambazi. Mambo yalibadilika baada ya Sheria ya Misitu ya 2005 kuruhusu vyama vya jamii kushiriki katika kusimamia misitu ya serikali. Chama cha Friends of Karura, kilichowaunganisha wakazi wa mitaa ya kitajiri na wale wa kijiji cha Huruma kilicho mpakani mwa msitu, kilishirikiana na Shirika la Huduma za Misitu la Kenya. Uzio wa umeme ukajengwa, walinzi wakaajiriwa, njia zikafunguliwa kwa watembeaji, wakimbiaji na waendesha baiskeli. Leo asiye na baiskeli anaweza kukodi hukohuko. Mpangilio wa matukio haya una maana. Ujasiri wa wachache uliwazuia wanyakuzi, lakini ni njia zilizowafanya maelfu ya watu wa kawaida wauone msitu kuwa wao. Ugawaji wa siri hustawi pale tu ambapo hakuna wa kuona kigingi kipya kikipigwa ardhini.

Lakini si kila njia inaleta heri hiyo, na ndiyo maana nasisitiza neno wastani. Katika nchi nyingi njia za baiskeli hutiwa alama za rangi kulingana na ugumu: kijani kwa anayeanza, buluu kwa wa kati, nyeusi kwa mzoefu. Njia ya kati ni nyembamba, inatosha baiskeli moja. Ina mizizi inayokatiza, mawe madogo, vilima vifupi vinavyomlazimu mtu kubadilisha gia, na kona zinazoficha kilicho mbele. Haina magenge ya kuruka wala miteremko ya kuogofya. Mtu anaweza kudhani kwamba uwastani huo umewekwa kwa kumhurumia mwendeshaji. Kwa hakika umewekwa kwa kuuhurumia mlima. Adui mkubwa wa njia yoyote ya msituni ni maji. Njia ikishuka moja kwa moja kufuata mteremko, mvua ya kwanza huigeuza kuwa mfereji, na mvua za miaka michache huigeuza kuwa korongo. Kwa hiyo wajenzi wazuri huipitisha njia ubavuni mwa kilima, wakahakikisha mwinuko wake hauzidi nusu ya mwinuko wa kilima chenyewe, na kwa wastani hauzidi asilimia 10 au karibu na hapo. Huilaza kidogo upande wa bondeni ili maji yatoke, na kila baada ya hatua kadhaa huweka bonde dogo la kuyamwaga kabla hayajapata kasi. Udongo mwekundu wa Nairobi, uliozaliwa na miamba ya volkano, ni wa mfinyanzi na mzito. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, huteleza na kunata. Juu ya udongo kama huo kanuni hizi hazina mbadala. Tena jambo la kupendeza ni kwamba mikunjo ileile, pamoja na kupanda na kushuka kule kunakoyatawanya maji, ndiko kunakoufanya mwendo wa baiskeli uwe mtamu. Mahitaji ya udongo na furaha ya mtu vimekutana katika mchoro mmoja.

Njia hiyo pia inaunda aina fulani ya usikivu. Barabarani, palipo sawa na pana, miguu hupiga pedali huku akili imekwenda kwingine kabisa. Katika njia ngumu kupita kiasi, macho hayaoni chochote zaidi ya jiwe linalofuata, na msitu unaweza kuwa uwanja wowote ule wa mashindano. Njia ya wastani iko katikati. Inamtaka mtu atazame mita kadhaa mbele badala ya kuangalia tairi, ainuke kitini anapofika kwenye mizizi, alegeze viwiko na magoti, na afunge breki kabla ya kona wala si ndani yake. Kazi hiyo inatosha kuikusanya akili, lakini haiimalizi. Inabaki nafasi ya kuona. Mwendeshaji anatambua mahali mashamba ya mikaratusi na misaipresi yanapokwisha na msitu wa asili wa mihugu na mikinduri unapoanza, kwa kuwa kivuli kinakuwa kizito na hewa inapoa ghafla usoni. Anajua ni kona gani imeanza kumomonyoka, ni wapi mlantana umeziba tena baada ya kung'olewa, ni mti gani uliokuwa umesimama juma lililopita na sasa umelala. Ujuzi huo hupatikana kwa kupita palepale mara nyingi kwa mwendo unaoruhusu kutazama, kama mkulima anavyojua shamba lake kwa kulizunguka. Msitu ambao watu wengi wanaujua hivyo una mashahidi wengi. Picha za satelaiti na doria za askari zina kazi yake, lakini haziwezi kuchukua nafasi ya mamia ya watu wanaoshtuka pale kitu kinapobadilika.

Pingamizi la kwanza ni la udongo. Inasemwa kwamba matairi hukwangua ardhi, huifanya ngumu, huua mimea ya chini na kuanzisha mmomonyoko. Jambo hili limepimwa. Mwaka 1994 watafiti Wilson na Seney walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwenye njia za milimani Montana, Marekani, wakilinganisha watembeaji, farasi, pikipiki na baiskeli. Waligundua kwamba kwato na nyayo huvuruga udongo na kuufanya uwe tayari kuchukuliwa na maji kuliko magurudumu. Mwaka 2001 Thurston na Reader walitoa utafiti wa msitu wa Ontario, Kanada, ambapo watembeaji na baiskeli walipitishwa mpaka mara 500. Mimea na udongo viliumia, lakini tofauti kati ya makundi hayo mawili haikuwa kubwa, na madhara yalibaki zaidi katikati ya mstari uliopitwa. Atakayeyatumia matokeo haya kudai kwamba baiskeli haina madhara atakuwa ameyasoma nusu. Majaribio yale yalihusu kupita kwa utulivu. Hayakuhusu kuburuza gurudumu lililofungwa breki kwenye mteremko, kuchonga vilima vya kurukia, wala kupanua njia kwa kulikwepa dimbwi. Kinachoelekea kuonekana ni kwamba chanzo cha uharibifu ni mwenendo na mchoro mbovu zaidi kuliko chombo chenyewe. Hilo halimwondolei mwendesha baiskeli wajibu, linamwongezea. Njia ikiwa imelowa, mahali pake ni nyumbani. Dimbwi likiwa katikati, apite katikati yake, asiunde njia ya pili pembeni. Na msimamizi anayefunga njia za baiskeli wakati wa mvua kubwa hajamwonea mtu.

Pingamizi la pili linahusu wanyama, na lina uzito zaidi kwa sababu wanyama hawawezi kuweka alama za kutuambia wapi tumezidi. Karura una pongo, kima na paa wadogo, na mbega wameletwa kuishi humo tena. Ushahidi ninaoufahamu unatoka mbali, lakini unafundisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 kuhusu kondoo-mwitu wenye pembe kubwa katika Hifadhi ya Canyonlands, Utah, ulionyesha kwamba waliowashtua zaidi ni watembeaji kwa miguu kuliko magari au baiskeli, na sababu kubwa ni kwamba watembeaji waliacha njia na kuwatokea mahali wasipotarajiwa. Miaka miwili baadaye Taylor na Knight, waliofanya kazi katika kisiwa cha Antelope katika jimbo hilohilo, waliona kwamba nyati wa Marekani na swala wa huko hawakuonyesha tofauti kubwa kati ya mtu wa miguu na mtu wa baiskeli. Waliona pia kwamba karibu nusu ya wageni hawakuamini kuwa wanawasumbua wanyama, na hili ndilo la kutuhangaisha. Tunasumbua. Tena baiskeli hufika mbali zaidi kwa saa moja, kwa hiyo hukutana na wanyama wengi zaidi, na kwa kuwa haina kishindo hutokea ghafla. Nayakubali yote hayo. Ila yanaelekea uamuzi uleule: mnyama huzoea kinachotabirika na hukimbia kisichotabirika. Njia chache, zilezile, zinazotumiwa saa zilezile za mchana, humfundisha mnyama mahali watu walipo na mahali wasipokuwepo. Msitu usio na njia rasmi haukosi watu. Hupitwa na watu kila upande.

Pingamizi la tatu limetoka kwa watembeaji wanaotaka utulivu, na linaungwa mkono na sheria yenye heshima. Baiskeli za milimani zilipata umbo lake katika miaka ya 1970 kwenye Mlima Tamalpais, kaunti ya Marin huko California, ambako vijana walishuka barabara za wazimamoto wakiwa na baiskeli nzito za zamani. Mashindano yao maarufu ya Repack yalianza mwaka 1976. Kasi ile iligongana mapema na watembeaji waliokuwa na mazoea ya kuwa peke yao. Sheria ya Nyika ya Marekani ya 1964 ilikuwa tayari imekataza usafiri wa kimekanika katika maeneo yaliyotengwa kuwa nyika kamili, na mwaka 1984 huduma ya misitu ya nchi hiyo ikaweka wazi kwamba baiskeli ni miongoni mwa vilivyokatazwa. Sioni sababu ya kulilaumu katazo hilo. Yapo maeneo makubwa ambayo thamani yake ni umbali, na inafaa pawepo mahali duniani ambapo mtu hufika kwa miguu yake tu. Lakini nyika isiyo na makazi hata mwendo wa siku nzima haina tatizo sawa na msitu uliozingirwa na jiji la mamilioni ya watu. Nyika huokolewa na umbali. Karura hauna umbali, una majirani. Kinachouokoa ni majirani hao kuujua na kuuthamini. Na utulivu wa mtembeaji unaweza kulindwa bila kumfukuza mwenzake: njia za mtoni na zile zenye ngazi ziachiwe miguu, na kwenye njia za pamoja mwenye gurudumu ndiye apunguze mwendo, apige kengele mapema, asalimie na kusubiri. Mwenye kasi ndiye mwenye deni.

Pingamizi la nne ni la haki. Afrika Mashariki imeijua baiskeli kama chombo cha kazi kabla ya kuwa chombo cha starehe. Imebeba madebe ya maziwa, magunia ya mkaa, mikungu ya ndizi na mitungi ya maji. Bodaboda zenyewe zilianza kama baiskeli za kuvusha watu na mizigo mpakani Busia katika miaka ya 1960. Mtu anaweza kuuliza kwa haki: kuna maana gani kufungua msitu wa umma kwa ajili ya wenye baiskeli za bei ya ng'ombe wawili, wakati mwenye kusukuma mkokoteni analipa ili aingie? Swali hili halijibiwi kwa maneno matamu. Kiingilio lazima kibaki kile ambacho familia ya kawaida inakimudu, na watoto wa shule za jirani wapewe siku zao. Hata hivyo, hapa njia ya wastani ina wema ambao njia ya kishujaa haina. Njia ya mapengo na magenge inadai baiskeli ya kigeni yenye springi mbele na nyuma, kofia inayofunika uso, na bima nzuri ya hospitali. Njia ya wastani inadai fremu imara, matairi yenye meno na breki zinazoshika. Kijana aliyejifunzia kwenye baiskeli ya kupeleka mikate anaweza kuimudu, na pengine akamshinda mwenye baiskeli ya gharama. Tusisahau pia kwamba katika miaka ile ya hofu asiye na gari ndiye aliyekuwa na wasiwasi zaidi wa kupita kando ya Karura. Usalama wa njia umemfaidi kwanza yeye, na kazi za ulinzi na upandaji miti zimewapa riziki baadhi ya vijana wa Huruma ambao zamani msitu haukuwa na cha kuwapa.

Limebaki pingamizi zito kuliko yote, nalo ni la wale wanaosema kwamba msitu una haki ya kuachwa. Leo njia, wanasema. Kesho mkahawa, keshokutwa maegesho, mwishowe barabara. Woga huu haukutoka hewani, maana Nairobi imeona ardhi nyingi ya umma ikiliwa kipande kwa kipande, kila kipande kikiwa na maelezo yake mazuri. Kwa hiyo anayeitetea baiskeli lazima awe tayari kusema mwisho wake uko wapi. Njia yake haihitaji hata mita moja ya upana. Haihitaji lami, taa wala zege. Haihitaji kukata mti mzima, kwa kuwa inaweza kuuzunguka. Mradi wowote unaodai zaidi ya hapo, hata ukijiita wa baiskeli, si wa baiskeli, na waendeshaji wawe wa kwanza kuukataa. Sehemu za msitu ambazo hazina njia ziendelee kutokuwa nazo, ili pongo na mbega wawe na pa kurudi. Njia iliyochoka ifungwe na kupandwa miche ya asili kabla ya kufunguliwa nyingine, jumla isiongezeke. Fedha za malangoni zirudi msituni, na hesabu zake zisomwe hadharani, kwa sababu watu hulinda kwa moyo kile wanachoona kinatunzwa kwa uaminifu. Masharti haya yakivunjwa, wenye pingamizi hili watakuwa wamesema kweli. Yakishikwa, udogo wa njia ndio utakaokuwa kinga yake dhidi ya tamaa za wenye mipango mikubwa.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: baiskeli ina nafasi katika msitu wa hifadhi pale ambapo njia imetangulia, kiasi kimewekwa, na mwendeshaji amekubali kuwa wa mwisho katika daraja, nyuma ya udongo, wanyama na watu wa miguu. Wasimamizi wa misitu ya mijini wasiogope njia nyembamba. Waogope msitu ambao hakuna anayeujua. Nawe unayeendesha, kazi yako haiishii langoni jioni unapofuta matope. Jiunge na chama cha jamii kinachousimamia msitu wako, lipa ada yake, hudhuria mikutano yake, shika jembe siku ya kurekebisha mifereji, na usome kila mpango wa usimamizi unapowekwa mezani kwa maoni ya umma. Siku atakapotokea mtu mwenye ramani mpya iliyogawanya msitu kuwa viwanja, fika langoni kabla ya trekta lake, na uje na wenzako.